Watoto wa Mista Grini

Nilisimama mbele ya mama wa Kizungu, kwenye kibaraza cha shule, nimevaa gauni la kitambaa cha marekani lililokuwa bado linanuka duka, nikasema kwa sauti safi kabisa, "Mai faza iz veri weli, thenk yu, madam." Maana yake, baba yangu ni mzima sana, asante mama. Baba yangu alikuwa na miezi mitano kaburini. Mwalimu wetu, ambaye alikuwa mtu wa tatu kumtupia udongo, alikuwa amesimama hatua tatu kutoka nilipo, ameshika chaki mkononi. Yule mama akamgeukia, akamwuliza kama ni kweli baba wa mtoto huyu yuko nyumbani na ni mzima. Mwalimu akajibu, "Yesi, madam." Yule mama akatabasamu, akachora mstari kwenye karatasi yake. Mstari mmoja tu, mfupi. Mpaka leo nikiona mtu anachora mstari kwenye karatasi, nageuza uso.

Nisingeyaandika haya. Niliishia darasa la nne, kalamu kwangu ni nzito kuliko jembe, na vidole vyangu vimezoea kuchambua majani ya tumbaku. Lakini wiki iliyopita alikuja hapa kwangu Urambo kijana mmoja mwenye baiskeli, akanisalimu vizuri, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akakaa, akanywa maji, kisha akatoa barua. Wanafunzi wa zamani wa mwalimu wetu wanamfanyia sherehe. Amezeeka, anakaa mjini Tabora, na wanataka kumshukuru angali anasikia. Wapo watakaotoka Dar es Salaam kwa treni. Mimi naombwa nije na asali. Na tena, kijana akasema huku anacheka, "Mama, wazee wanasema wewe ndiye uliyekuwa unakijua Kizungu kuliko wote. Wanataka usimame useme yale ya kitabuni, watu wachangamke kidogo."

Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri, na haya ndiyo niliyoyafikiri. Wewe unayesoma, kaa vizuri, chukua karanga, maana sitayasema mara mbili.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Goweko, katika utawala wa Mwingereza, wakati ambapo njia ya zamani ya wapagazi ilikuwa bado inaonekana. Ilipita nyuma ya shule, pana, udongo wake umeshindiliwa na miguu ya watu wa miaka mingi hata majani yalikuwa yakiota juu yake kwa woga. Bibi yangu, mama wa baba, ndiye aliyenilea, kwa kuwa mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Bibi alikuwa akisimama kwenye njia ile na mtungi kichwani ananionyesha kwa mdomo: kule pwani, huku Tabora. Baba yake alibeba pembe za ndovu kwenda pwani mara nne, na mara ya nne alirudi anasema Kiswahili. Nikamwuliza bibi nani alimfundisha. Akaniambia, "Kiu. Neno la kwanza alilojua ni maji. La pili ni nipe." Kiswahili chetu sisi watu wa Tabora kilikuja hivyo, kwa miguu, kila mtu akiokota neno analolihitaji. Hakuna aliyechapwa.

Nyumbani tulisema Kinyamwezi. Asubuhi nilipiga magoti mbele ya bibi, wangaluka, naye akinijibu taratibu, akiuliza nimelalaje, mguu uliochomwa na mwiba unaendeleaje, mbuzi wameamkaje. Salamu ya bibi ilikuwa na maswali ambayo yeye mwenyewe alitaka kuyajua majibu yake. Kisha nilikula kiporo cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, vimepikwa na karanga zilizotwangwa. Utamu wake bado ninao hapa kwenye fizi. Nikimaliza nilifagia uwanja, nilikwenda kisimani, nikarudi, nikakimbia shule.

Shule ilikuwa ya utemi, vyumba viwili vya udongo na kibaraza mbele, jirani na baraza la mtemi. Haikuwa na mlango. Palikuwa na tundu la mlango, na kwenye ukuta tundu la dirisha, na meza moja ya mwalimu iliyokuwa na miguu mitatu na tofali. Nayasema haya kwa sababu Kizungu tulichofundishwa kilikuwa chote ni milango na madirisha. Mwalimu alisema kitu na sisi tulikitenda huku tunakitamka. "Stendi apu," tunasimama. "Ai am going tu ze doo," tunakwenda mlangoni mmoja mmoja. "Ai am opening ze doo," tunafungua mlango ambao haukuwepo, tunashika hewa na kuivuta. Aliyesahau kuufunga alirudishwa. Kuku wa mwalimu walipita katikati ya mlango ule uliofungwa, na ole wake atakayecheka.

Nilikipenda. Sitaki kukudanganya. Nilikuwa na kichwa cha kunasa, maneno yakiingia hayatoki. Nikichota maji nilisema nachota maji, nikipanda kichuguu nilisema maneno ya kupanda ngazi, kwa kuwa ya kichuguu hatukufundishwa.

Kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu, na ndani yake palikuwa na picha ya nyumba yenye moshi unaotoka kwenye paa. Baba ameketi kwenye kiti, anavuta kiko. Mama ameshika birika. Mtoto wa kiume, mtoto wa kike, na mbwa amelala ndani ya nyumba, juu ya mkeka mnene. Mbwa yule alitushinda. Tulimjadili mbwa yule majuma mawili.

Siku moja mwalimu akaanza somo jipya. Akamsimamisha mtoto wa kwanza, akamwuliza kwa Kizungu baba yake anaitwa nani, akamweleza na maana. Mtoto akanyamaza. Akamsimamisha wa pili, kimya. Wa tatu akaangalia miguu yake, akasema, "Simjui." Darasa zima tukaangua kicheko, kwa sababu baba yake alikuwa pale nje anaezeka paa la shule.

Si kwamba tulikuwa wajinga. Kwetu mtoto hatamki jina la baba yake. Utamwita baba, utamwita kwa jina la kaka yako mkubwa, baba fulani, lakini lile jina lake, alilopewa na wazazi wake, halipiti kwenye kinywa cha mtoto, tena mbele ya watu, tena kwa kulisema wazi kama unamwita mbuzi. Mwalimu alilijua hilo. Alikuwa Mnyamwezi kama sisi, tena rika moja na baba yangu, walichunga pamoja. Akajikuna kidevu kwa chaki mpaka kikawa cheupe. Kisha akafungua kitabu kwenye ile picha, akakiinua juu.

"Haya," akasema, "kuanzia leo nyote ni watoto wa huyu. Mista Grini. Mtu akiwauliza, baba yenu ni Mista Grini, ni seremala, yuko nyumbani, ni mzima sana."

Hapo ndipo tulipopata baba wa kizungu, watoto arobaini kwa siku moja. Tulifurahi jinsi gani. Wakati wa kutoka nje tulidaiana urithi. "Ndugu yangu wa kwa Grini, nigawie karanga." "Sikupi, baba kanikataza." "Baba gani?" "Baba yetu mwenye kiko." Mmoja alikuwa anatembea na kijiti mdomoni, amechomoza tumbo, anatuuliza kwa nini mbwa hajalala. Ukitaka kujua nilivyocheka utotoni, nilicheka mwaka ule.

Baba yangu wa kweli hakuwepo. Alikuwa amekwenda manamba, kwenye mashamba ya mkonge huko mashariki. Alirudi mwanzo wa masika na blanketi la kijivu, sufuria moja, na kikohozi. Blanketi akampa bibi. Sufuria akaniambia ni yangu siku nikiolewa. Kikohozi akabaki nacho mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda uani akiota jua, akinitazama ninavyofagia, na siku moja aliniomba nimwonyeshe Kizungu. Nikafungua mlango wa hewa mbele yake. Akasema, "Funga, baridi inaingia," tukacheka wote wawili mpaka akashikwa na kukohoa.

Mvua za masika hazijakwisha, tukamzika. Mwalimu alikuja na kofia mkononi. Alitupa udongo mara tatu. Aliniwekea mkono kichwani, akaniambia, "Shule ipo. Siku za msiba zikiisha, uje."

Zikaisha, nikaja. Asubuhi ileile niliporudi, somo likawa hilohilo. Alikuwa anazunguka mstari kwa mstari, "Hau iz yo faza?", baba yako hajambo, na kila mtoto anajibu kwamba ni mzima sana. Ikafika zamu yangu. Nikasimama, mdomo ukakataa.

Mwalimu akasogea karibu, akanong'ona, "Sema."

Nikatikisa kichwa.

"Huyu si baba yako. Ni baba wa kitabu. Kitabu hakifiwi. Sema."

Sikusema. Nikachapwa viganjani. Kesho yake nikachapwa tena. Siku ya tatu viganja vilikuwa vimevimba hata kushika ufagio siwezi, nikasimama, nikasema. Baba yangu ni mzima sana, asante. Mwalimu akasema vizuri. Darasani hakuna aliyecheka, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniita tena ndugu wa kwa Grini.

Wapo watakaoniambia huo ulikuwa ndio ualimu wa wakati ule, kila mtoto alichapwa. Najua. Nilichapwa kwa kuchelewa, nilichapwa kwa uchafu, nilichapwa kwa ajili ya wenzangu, na hayo nimeyasahau. Silalamikii fimbo. Nalalamikia kile kilichoingizwa kwa fimbo, kwa sababu kiliingia hakikutoka. Baada ya hapo ukiniuliza swali lile, jibu lilitoka lenyewe kabla sijafikiri, kama goti linavyoruka likigongwa.

Jioni moja nilikuwa nachambua karanga na bibi uani, yeye anatwanga, mimi nashughulisha mdomo kwa kusema yale maneno ya shule. Bibi akaniuliza naimba nini. Nikamwambia. Nilikuwa mtoto, nikamtafsiria kama nilivyotafsiriwa, baba yangu ni mzima sana. Mchi ukabaki juu. Bibi hakunipiga wala hakunikaripia. Aliuteremsha mchi taratibu mpaka ukakaa kwenye kinu, akafuta mikono, akanishika bega, tukatoka mpaka kwenye mninga mkubwa uliokuwa kwenye njia ya shule.

"Hayo maneno," akasema, "uyaache hapa kila siku unaporudi. Kesho asubuhi utayakuta. Uani kwangu usiingie nayo."

Nikafanya hivyo. Kila nikirudi nilisimama kwenye mninga ule, nikayasema yote kwa mara ya mwisho, nikagusa gome, nikaenda nyumbani bila Kizungu.

Karanga zilipokwisha kuvunwa mwalimu akatutangazia habari. Shule moja ya bweni ya wasichana ilikuwa imetenga nafasi moja kwa ajili ya yatima kutoka vijiji vyetu. Atalishwa, atavishwa, atasoma mpaka mwisho wa masomo yao. Mama wa Kizungu angekuja mwenyewe kumchagua, na angemsemesha Kizungu, maana kule walitaka msichana aliyekwisha kuanza. Mwalimu alinitazama aliposema. Wote walinitazama. Yatima tulikuwa watatu, na wawili walikuwa wadogo, hawajafika hata kwenye somo la mlango.

Bibi alipoambiwa aliuliza mara moja tu kama nitarudi likizo. Kisha akaenda msituni na mjomba wangu, kwenye mizinga ya baba, wakarudi na asali madebe mawili. Asali ile ikawa gauni. Fundi cherehani wa mjini, mzee wa kanzu na miwani iliyofungwa kwa uzi, alinipima kwa kamba, akaniuliza nakwenda kuolewa nini na urefu huu. Bibi akamjibu, "Anakwenda kusoma." Akamwambia tena tulipokuwa tunatoka, ingawa hakuuliza. Akamwambia na muuza chumvi.

Nilikuwa na hofu moja. Sikujua namna ya kusema kwa Kizungu kwamba baba amekufa. Bibi akasema, "Si mwalimu yupo? Kamwulize." Nikamwuliza. Alikuwa ananyoa ndevu kibarazani, kioo ameegemeza kwenye kile kitabu.

"Hiyo bado," akaniambia. "Iko kitabu cha pili."

"Na mimi nitasemaje, mwalimu?"

"Utasema niliyokufundisha. Ukimwonyesha unajua, atakuchukua. Mengine nitamweleza mimi."

Shika maneno hayo, ndugu yangu unayesoma. Mengine nitamweleza mimi.

Siku ilipofika, mama wa Kizungu alikuja na gari lenye vumbi. Alikuwa mama mwema, hilo nalisema. Alitusalimu kwa Kiswahili cha taratibu, akapewa kiti. Karani wa baraza alisimama upande wake kumsaidia kuzungumza na wazee. Bibi alikaa chini nje ya kibaraza na kifurushi changu magotini: blanketi la baba, michembe, kitana. Alikuwa tayari kuniaga palepale.

Akaniita. Akaniuliza jina langu, nikajibu. Akaniambia nifungue mlango, nikaufungua na kuufunga. Akacheka kwa furaha. Akaniuliza nina umri gani, nakaa wapi, mama anafanya nini. Mama yuko jikoni, nikasema, anapika chai. Mdomo ulikuwa umeshaanza kukimbia, na mimi nipo nyuma yake. Alipouliza swali lile la baba, akilini niliiona fimbo kabla sijaona kitu kingine, na jibu likatoka. Zuri. Kila neno mahali pake.

Uso wake ukabadilika kidogo. Akatazama karatasi, ambako bila shaka niliandikwa yatima. Ndipo akamgeukia mwalimu. Ile "Yesi, madam" sikuhitaji kitabu cha pili kuielewa.

Nikamgeukia. "Mwalimu," nikasema. Hilo tu, kwa Kiswahili.

Akanitazama. Aliniona vizuri, jua lilikuwa upande wangu. Akasema, "Sit daun."

Na mimi nikakaa. Hilo nalo linanichoma. Miaka yote hii naiona ile miguu yangu inakunjika yenyewe.

Kwa nini alisema vile? Nimelizungusha swali hilo shambani, jikoni, kwenye foleni ya kuuza tumbaku. Nadhani ni kwa sababu dakika moja kabla yule mama alikuwa amemsifu. Alimwambia hajasikia Kizungu safi namna hii katika shule ya kijijini. Kama angesema baba wa mtoto huyu amekufa, mama yule angeuliza, basi kwa nini anasema ni mzima? Angemwita mwingine, na mwingine, na wote wangekuwa na baba mmoja seremala. Mwalimu alikuwa anangoja uhamisho wa kwenda mjini. Aliupata kabla ya mavuno mengine.

Nafasi ile ilikwenda kwa mpwa wa karani, msichana wa darasa letu. Hakuwa hata amepangwa, alikuwa amesimama ukutani anatazama. Baba yake alikuwa mzima, anafanya kazi kwenye matrekta ya yale mashamba makubwa ya karanga ya Mwingereza huku Urambo. Mama wa Kizungu alimwona anatokwa na machozi, akamwita, akamwuliza baba yako yuko wapi, na mtoto akazidi kulia bila kutoa neno. Karani akaulizwa. Akajibu, "Mimi ndiye ninayemlea," ambayo ni kweli kabisa, na akaliacha jibu hapo. Karani naye nimemweka kwenye hesabu yangu, lakini ameshatangulia, na yeye hakunizikia mtu.

Bibi aliona gari linawashwa. Akainuka na kifurushi. "Umewaambia?" akaniuliza. Nikamwambia niliulizwa kwa Kizungu. Hakungoja zaidi. Alimfuata mwalimu mpaka kwenye mlango wa nyumba yake, akapiga magoti, mwanamke mwenye mvi, mbele ya kijana aliyewahi kumlisha ugali katika sahani moja na mwanawe. "Mwanangu, mkimbilie, mwambie." Mwalimu alimwambia, "Mama, inuka. Nafasi imeshajaa." Gari lilikuwa bado linaonekana. Lilikuwa linapita polepole kwenye njia ya wapagazi kwa ajili ya mashimo, hata mimi ningelikimbiza nikalifikia.

Tuliporudi, bibi alisimama kwenye mninga, akaninyooshea mkono kwamba niyaache. Nikajaribu kuyasema, sauti ikakataa. Tukaingia nayo uani siku ile, kwa mara ya kwanza tangu anikataze.

Nilimaliza darasa la nne, masomo yakaishia hapo. Niliolewa na ile sufuria. Nimelima tumbaku, nimezaa, nimezika. Siku moja nilishikwa na homa kali, nikalazwa hospitali ya Kitete, mjini Tabora, na wanasema usiku na mchana nilikuwa natoa Kizungu. Nilipopata fahamu, muuguzi mnene aliyekuwa ananishika mkono akainama sikioni mwangu akasema, "Dada wa kwa Grini." Alikuwa yule mpwa wa karani. Tulikumbatiana. Aliniletea uji kutoka kwao siku zote nilizokaa, na siku moja nikapata moyo wa kumwuliza ni nini kilimliza vile.

"Mkojo," akasema. "Nilikuwa nimebanwa tangu asubuhi, na mwalimu alisema atakayetoka atamkoma."

Nilicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akalalamika. Kisha nikageukia ukutani. Yeye sina neno naye. Alikuwa mtoto, kama mimi.

Mwaka jana nilipita kijijini. Shule imeanguka, mahali pake pamejengwa bani la kukaushia tumbaku. Mninga umekatwa, labda ni mimi mwenyewe niliyeuchoma bila kujua, maana kuni tunazinunua kutoka kote. Njia ya wapagazi imelimwa karanga. Bibi amelala karibu na baba. Watoto niliowakuta hawajui kutwanga, wanapeleka mashineni, na salamu zao ni fupi. Sikulia kwa hayo. Vitu huisha. Lakini mtu mmoja bado yupo, ana meno yake, ana akili yake, na Jumamosi atakalishwa kwenye kiti kilichopambwa.

Kwa hiyo, mwalimu, kama kuna atakayekusomea haya, sikiliza. Shikamoo. Nitakuja. Nitaleta asali, iliyotoka kwenye mizinga ya msitu uleule. Watakaponiita niseme ya kitabuni, nitasimama, na nitakuuliza wewe, kwa Kiswahili, mbele ya wote waliotoka Dar es Salaam: baba yangu hajambo?

Jina lake mimi sijalitamka mpaka leo na sitalitamka. Wewe unalijua, mlichunga pamoja, ulimzika. Basi waambie watu waache kuimba, ulitaje jina lile lote, useme mwaka ule alikuwa amekufa, useme ulijua, na useme ni nani aliyeniambia mengine nitamweleza mimi. Usinijibu kwa Kizungu, wala usiniambie kwamba zamani zile ndivyo ilivyokuwa.

Na usiniambie nikae. Safari hii, mpaka unijibu, sikai.